Hospitali ya Sultani

Kabla ya kukimbia Bujumbura mwaka 2015, mume wangu alikuwa mwalimu wa historia kule kwetu, mtaa wa Buyenzi. Alifundisha habari za Waislamu wa kale: Baghdad, Damasko, Kairo, Kordoba. Tulipofika Johannesburg alipata kazi ya kulinda geti la maofisi huko Randburg, na mimi nikawa nasuka nywele Doornfontein. Tulipanga chumba Troyeville, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao. Upande wa pili wa mbao aliishi mama Mkongo kutoka Uvira, mshonaji, mtu wa kanisa, ambaye cherehani yake ilikuwa hainyamazi.

Jumamosi mume wangu asipokuwa na zamu, mama huyo alileta kitambaa chake cha kushona kwa mkono, akakaa mlangoni petu na kusema, "Mwalimu, tuambie." Mume wangu alikuwa akingoja hilo tu. Wiki nzima alikuwa anafungua geti na kufunga geti, na hapakuwa na mtu wa kumwita mwalimu.

Siku moja alitueleza juu ya sultani wa Misri aliyefika nchi ile akiwa mtumwa wa kununuliwa. Kabla hajatawala aliugua tumbo akiwa Damasko, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya mji ule, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga hospitali yake Kairo. Akapata ufalme, akajenga. Kulikuwa na wodi ya homa, wodi ya macho, wodi ya waliovunjika, na maji yakipita katikati. Wasiopata usingizi walipigiwa muziki wa taratibu. Aliyepona alipewa nguo na akiba kidogo, asikimbilie kazini kabla mwili haujarudi.

"Na mgeni?" aliuliza mama mshonaji. "Mgeni naye walimupokea?"

"Mgeni na mwenyeji, tajiri na maskini."

"Mwalimu, uko unatudanganya."

"Sidanganyi. Lakini sijawaambia yote. Sultani alikuwa na haraka. Askari wake walisimama njiani wakawakamata wapita njia, hata mtu wa heshima juu ya farasi wakamshusha abebe mawe. Watu waliokuwa wakikaa pale walitolewa. Kwa sababu hiyo wako wanachuoni waliokataa kuswali kwenye madrasa iliyojengwa pamoja nayo."

"Na wagonjwa? Nao walikataa kulala mule?"

Mume wangu alicheka. "Hapana, mama. Mgonjwa haulizi jiwe limebebwa na nani."

Majira ya baridi ya 2017 alianza kukohoa. Kibanda cha geti hakikuwa na mlango, na upepo wa Juni katika mji huu unakata kama wembe. Nilimpikia tangawizi, nikampaka mafuta ya mgando kifuani. Alikonda mpaka mkanda wa sare ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Nilimwambia aombe likizo. Akasema mlinzi anayeomba likizo huku ni mlinzi anayetafutiwa wa kuchukua nafasi yake.

Alipotema damu kwenye beseni la kufulia, sikuomba tena ruhusa yake. Tulikwenda kliniki alfajiri, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likafika miguuni petu. Tulipofika dirishani, mama wa mapokezi alitazama karatasi yetu ya ukimbizi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Eish, imekwisha muda. Nendeni mkaifanye upya kwanza."

"Dada, anatema damu," nilisema.

"Nimesikia. Kaifanyeni upya."

Nilitaka kupiga kelele. Mume wangu alinishika mkono akasema kwa Kiswahili, polepole kama yuko darasani, "Usimtukane. Na yeye ana bosi." Nje alikaa ukingoni mwa barabara kupumzika. Nikamuuliza kwa hasira kama ile habari ya Kairo ilikuwa kweli, au aliitunga ili tupate la kujifariji. Alinitazama sana. "Mimi sikuwahi kufundisha nisichokisoma," alisema. Nikaona nimemuumiza, nikamwinua twende.

Mama mshonaji ndiye aliyetupeleka hospitali kubwa. Alikuwa akimshonea nesi mmoja sare, akamfuata, akapiga magoti mbele yake koridoni bila kuona haya. Yule nesi alitupokea. Alimpa kitanda, akamwekea hewa ya oksijeni, akawa anamwita baba. Lakini daktari aliniambia waziwazi kwamba kifua kilikuwa kimeliwa siku nyingi, na kwamba ilitupasa kuja mapema. Mume wangu alifariki saa sita mchana, watu wa chakula wakiwa wanasukuma toroli lao wodini. Walimwekea sahani, kisha wakaiondoa.

Wanaume wawili wa msikiti, Wahindi wa hapahapa, walikuja na gari lao, wakampeleka kwenye chumba cha kuoshea. Walikuwa watu wema. Mmoja aliniambia nikae nje, wao wataosha.

"Nitamwosha mimi," nilisema.

"Sista, hii ni kazi ya wanaume."

Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo nililijua, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha: khalifa wa kwanza alipofariki, mkewe ndiye aliyemwosha, kwa wasia wake. Nikalisema nilivyoweza. Wale wawili wakatazamana, wakampigia sheikh wao simu. Sheikh akasema mke ana haki. Wakanipa glavu, maji ya vuguvugu na kafuri, na mmoja akabaki nyuma ya pazia kunipokezea ndoo.

Nilianza upande wa kulia. Mbavu zake zilihesabika chini ya kitambaa. Kiunoni ngozi ilikuwa imesuguliwa nyeusi na ule mkanda, na hapo nilirudia kupitisha maji. Nje ya mlango mama mshonaji alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nilisoma nilichokijua, yeye akaimba alichokijua, mpaka nikamaliza.

Siku ya mazishi sikwenda makaburini, maana wanawake walibaki. Baadaye akaja mwanamke mmoja wa msikitini, akanikuta natoka na begi la rasta za kusukia. Akanigombeza: mjane aliye edani hatoki ovyo. Nikamuuliza nani atalipa chumba. Akaondoka. Wiki iliyofuata alileta mchele na mafuta, akaviweka mlangoni bila kubisha hodi. Ulisaidia, ule mchele, lakini haukufika mwisho wa mwezi, nami niliendelea kutoka.

Eda ilipokwisha, mama mshonaji alinisindikiza makaburini. Tulikuta safu ndefu za udongo mwekundu na vibati vyenye namba, na namba ya mume wangu ilikuwa imefutwa na mvua. Mchimba kaburi alinyoosha kidole, akasema ni hili au lile la pili yake. Nilikaa katikati ya makaburi hayo mawili nikawaombea wote wawili, na mama mshonaji alivua viatu akasimama kando yangu mpaka niliponyanyuka.