Isale Mbele ya Sahani

Nilirudi Moshi baada ya miaka kumi na miwili, nikaukuta mji umechakaa na marafiki zangu wamenenepa. Duka la Mhindi tulikokuwa tukinunua vitenge enzi za chuo cha ualimu lilikuwa limegeuka duka la ushirika. Kwenye rafu kulikuwa na viberiti na majembe yasiyo na mipini. Foleni ya sukari ilizunguka kona. Nyumbani kwa mwenyeji wangu, kule Njoro, sukari ilijaa bakuli, na sabuni ya kuogea ilikuwa ya magendo kutoka Taveta. Huyo ndiye aliyekuwa akihutubia vijiji kuhusu kujitegemea.

Chuoni tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mwenzetu mmoja mpole ambaye mpaka leo anaitikia kila kitu. Jumamosi tulipanda mlimani kwetu kula mtori wa mama. Tulipohitimu, nilipangiwa shule ya karibu na nyumbani, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na mtoto wake ni mimi tu. Yeye alipangiwa kijiji cha ujamaa huko Kigoma. Bahati yake, mjomba wake ndiye aliyekuwa akiandika barua za vituo. Wiki moja baadaye barua zilibadilika, Kigoma nikaenda mimi. Mama alifariki mwaka wa pili. Telegramu ilinifikia akiwa ameshazikwa.

Sasa, sote watatu tukiwa mezani, katikati ya ndizi na nyama ya mbuzi, mwenyeji akasimama na kugonga glasi kwa uma kana kwamba yuko mkutanoni. Akachomoa jani la isale kwenye chombo cha maua, akalipiga fundo, akaliweka mbele ya sahani yangu.

"Ndugu yangu, nilikukosea. Naomba yaishe."

Sisi Wachagga tunalijua jani hilo. Ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Lakini huletwa mlangoni kwa aliyekosewa, mzee akishuhudia. Huyu kaniita kwake nikaufuate msamaha mezani, kama watu wanavyofuata mgawo wa sukari. Nilimdharau mpaka chakula kikanishinda.

"Mazishini ulikwenda?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na semina."

"Semina zile zilikuwa muhimu kweli," akasema yule mpole, akaendelea kuguguna mfupa.

Nililiokota jani, maana ndivyo nilivyolelewa. Mwenyeji akashusha pumzi, akasema basi yamekwisha, akaomba asogezewe pilipili.

Kesho yake nilipanda mlimani. Kaburi la mama liko mgombani, limezungushiwa masale, mimea ya jani lile lile. Nilitaka kumwambia kwamba nimesamehe, kama mila inavyotaka. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma kisogo. Jani nilikuwa nimelipokea, lakini kusamehe sikuwa nimesamehe, na mama sikuweza kumdanganya.