Mkaguzi wa mashati anayejifunza kuona kilicho kizuri

Saa moja na dakika tano asubuhi, shati la kwanza linatua mezani. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa analishika mabegani, analikung'uta mara moja na kulitandaza chini ya taa. Kola. Mabega. Mfuko. Vifungo. Pindo. Kisha analigeuza ndani nje, vidole vikipita juu ya mishono polepole. Kwenye kwapa la kushoto vinasimama.

Anabandua kibandiko chekundu chenye umbo la mshale, kidogo kama ukucha wa mtoto, anakibandika hapohapo na kulitupa shati kwenye kapu la kurudishwa kwa mafundi.

"Uzi umeruka," anasema bila kuinua macho. "Mmoja tu. Ila mwenye shati akinyanyua mkono mara tatu, kwapa liko wazi."

Ni mkaguzi wa kiwanda cha nguo, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na saba. Kwa siku hupitisha mashati mia tano, siku ya haraka mia sita. Haajiriwi kuona mshono ulionyooka. Anaajiriwa kuona uliopinda.

Wenzake wanamwita Darubini.

"Huyu ungekuja kumposa binti yake, angekugeuza ndani nje kwanza!" anapaza sauti fundi wa vifungo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuzidi mashine.

Meza nzima inacheka. Darubini anatabasamu kidogo, anavuta shati jingine. Binti anaye mmoja tu, na hajamtia machoni kwa miaka minne.

Siku iliyoharibu mambo anaikumbuka vizuri, na anaisimulia kwa sauti ya mtu anayekiri kosa ofisini. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka kumaliza mafunzo ya ushonaji. Kwa wiki sita alikuwa akijifungia chumbani kwake kila jioni. Siku ya mwisho akatoka na gauni la bluu, amelikunja vizuri, akampa mama yake kwa mikono miwili.

"Akaniambia, 'Mama, hili ni lako, nimelipinda pindo lote kwa mkono,'" anasema Darubini. "Mimi nikaliweka mezani nikaligeuza. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na vibandiko vya kazini. Nikavitoa."

Alibandika kumi na kimoja.

"Nilidhani namfundisha. Wallahi nilidhani namfanyia hisani, maana huko atakakoajiriwa hakuna atakayemwonea huruma." Anakwangua gundi kidoleni. "Alisema asante. Akalichukua gauni lake akaingia ndani. Mimi nikaenda kupika."

Miezi mitatu baadaye binti alihamia mji mwingine, kwa mama yake mdogo. Huko akapata kazi, akaolewa, akajifungua mtoto wa kike. Habari ya mjukuu Darubini aliipata kwa mdogo wake, siku tisa baada ya mtoto kuzaliwa.

Miezi michache iliyopita uongozi wa kiwanda ulimleta mshauri nasaha, mwanamke mpole aliyekaa na wafanyakazi kila Jumatano wakati wa mapumziko ya mchana. Aliwaeleza kuhusu saikolojia chanya: kwamba furaha ya kila siku haingoji maisha yanyooke, na kwamba jicho la mtu huzoea kile linachotumwa kutafuta. Akawapa zoezi. Kila jioni andika mambo matatu mema ya siku hiyo, na kando ya kila moja andika lilitokana na nini.

Wengi walicheka. "Jambo jema la kwanza, msimamizi hakuja," fundi wa vifungo alisema. "La pili, kesho pia asije."

Darubini alinunua daftari. Baada ya wiki akampelekea mshauri, akitegemea alama nzuri. Alikuwa ameandika: chai haikumwagika, basi halikuchelewa, mume wangu hakusahau kufunga bomba.

Mshauri alisoma kurasa zote saba, akalifunga daftari taratibu.

"Aliniambia, 'Dada, hizi ni kasoro ambazo hazikutokea. Niandikie kitu kilichotokea.'" Darubini anatikisa kichwa. "Nilikaa jioni ile na kalamu, nikatafuta. Sikuona kitu. Nikaogopa."

Ilimchukua siku nne. Jambo la kwanza kuliandika kwa haki lilikuwa la mumewe, fundi bomba, aliyekuwa uani akiosha miguu baada ya kazi. Alikuwa akiimba chinichini, bila maneno. Darubini akatoka mlangoni akamuuliza ameanza lini kuimba.

"Nikamwambia, mke wangu, mimi naimba tangu tulipooana," anasema mumewe, akicheka. "Miaka ishirini na sita! Wewe ulikuwa unaangalia maji niliyomwaga."

Mumewe ndiye aliyebeba mazoezi yake mengine. Kila Darubini alipomsifu, alimwona akijikunyata kungoja kinachofuata. "Asubuhi moja ananiambia, leo umenyoa vizuri. Nikasubiri. Nikamwambia, malizia basi, 'lakini' iko wapi? Akasema leo hakuna. Nilitoka nyumbani nikijishika kidevu njia nzima."

Anacheka tena, kisha uso unatulia. "Mtoto wetu alikua ndani ya hiyo 'lakini'. Na mimi nilikuwepo. Nilinyamaza."

Daftari limempa Darubini jioni zenye utulivu, na hilo halifichi. Analala vizuri zaidi. Ameanza kusalimiana na jirani ambaye zamani alimwona mchafu tu. Ila kadiri jicho linavyofunguka, ndivyo linavyorudi nyuma na kuona mambo mema yaliyompita: mtoto wa miaka sita aliyejifunga viatu mwenyewe akaambiwa kamba zimepishana, cheti cha shule kilichosomwa kuanzia alama ya chini.

Mshauri hakumficha. "Nilimwambia zoezi hili halifuti kilichopita," anasema. "Linamsaidia mtu kukaa na leo yake. La zamani lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana haki ya kukataa."

Wiki ya sita zoezi lilibadilika: mwambie mtu jambo jema uliloliona kwake na hukuwahi kulisema. Darubini alipiga simu.

"Nikamwambia, mwanangu, mabega ya lile gauni yalikaa vizuri. Mimi mwenyewe nisingeweza. Niliyaona siku ileile."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia kwa mbali.

"Mama," binti alisema, "sasa kwa nini hukusema?"

Simu ikakatika, na hajui hadi leo nani alikata.

Akihojiwa kwa simu, binti, ambaye sasa ana miaka ishirini na tatu na anashona mapazia, hana sauti ya hasira. "Mama yangu si mtu mbaya. Alinilea, sikulala njaa. Lakini mimi bado nikimaliza kazi ya mteja, naificha kwanza. Naiona mikono yake. Binti yangu juzi kanichorea kitu, nikajikuta natafuta kilichokosewa. Nikaenda kukaa bafuni."

Siku kumi baada ya kupiga simu ile, ujumbe wa binti ulimfikia Darubini: aje Jumamosi hii kumwona mtoto. Jioni arudi. Kulala, hapana, bado.

Safari ni saa tano kwenda na saa tano kurudi. Mumewe amepiga hesabu na kumwambia atakaa kule saa mbili tu, labda na nusu.

"Hata zingekuwa dakika ishirini," anajibu Darubini. Ameshaomba ruhusa kazini, ya kwanza kwa miaka mitatu. Zawadi ya mjukuu amechagua mpira, kwa sababu, anasema, hakuna njia mbaya ya kuupiga.

Anachoogopa ni mlango. Mtoto ana miaka miwili, hamjui, huenda akalia. Na binti atakuwa amesimama pale akitazama macho ya mama yake yanaelekea wapi.

"Nimejiandaa maneno mengi, yote nimeyatupa," anasema, akifungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya. "Nitaingia nisalimie, nikae nitakapoonyeshwa. Akinipa mtoto, nitambeba. Asiponipa, nitamwomba niwaoshee vyombo."