Chapati Niliyoikataa Jumanne

Alhamisi, tarehe kumi Julai. Baridi ile ya kukaa na sweta ndani ya nyumba, na manyunyu yaliyoanza kabla watoto hawajaenda shule yakakataa kuisha.

Mimi najitolea kwa ofisi ya probesheni hapa Kayole. Sikusoma sana, niliachia darasa la nane, na mara nyingi najiuliza ni nani aliyeona ninafaa. Kazi yangu ni kutembelea akina mama ambao korti imewapa kifungo cha nje, kuangalia wanavyoendelea, halafu kumweleza afisa. Afisa wetu ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyewatenga akina mama na wanaume. Zamani walikaa kikao kimoja, na akina mama walikuwa wanainama tu wakitazama viatu. Siku hizi wanakutana peke yao katika ukumbi wa kanisa, asubuhi watoto wakiwa shule, na wenye wachanga wana mtu wa kuwashikia. Kila mmoja anaulizwa mikono yake inajua kazi gani.

Mmoja wao, mama mapacha, anakaa ploti ya tatu kutoka kwetu, zile nyumba za kupanga zenye geti moja. Alisema mikono yake inajua chapati. Kikundi chao kikampa jiko na kikaango, na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuuza, mbele ya geti la ploti yao. Watu wasiponunua mpaka mwisho wa mwezi, jiko litapewa mwingine, na yeye hana biashara nyingine anayoijua ila ile iliyompeleka kortini. Akiirudia, anaingia jela, na mapacha sijui watabaki na nani.

Ile ilikuwa kuuza chang'aa. Wanaume wa ploti walikunywa kwake, wengine wakalazwa hospitali, na jirani yake wa mlango wa pili, mume wake macho yalififia mpaka leo anashikwa mkono kwenda choo. Mama mapacha husema pombe hiyo aliinunua kwa mtu na hakujua ina nini. Korti ilimwamini. Mimi pia namwamini, lakini sikuwepo. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ploti anayekula kitu kilichotoka mkononi mwake. Hata chumvi hawamwombi.

Sasa, Jumanne nilienda kumtembelea. Alikuwa anajaribisha unga. Mlango ulikuwa wazi na akina mama wanafua pale mferejini. Akaweka chapati moja kwenye sahani, akaniletea kwa mikono miwili.

“Karibu dada. Onja uniambie ukweli.”

Tuna sheria: sisi tunaotembelea hatuli kwa mtu tunayemtembelea, isije ikaonekana tumenunuliwa. Nikasema, “Asante, nimeshiba.” Sikuwa nimeshiba. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tu. Akaichukua ile sahani, akaiweka juu ya kabati, na pacha mmoja akabaki anaitazama.

Nilipotoka, yule jirani wa mlango wa pili alikuwa anakamua shuka.

“Hata wewe umekataa?” akaniuliza, kwa sauti ya kusikika. “Na si wewe ndiye huja kutuambia amebadilika?”

“Ni sheria ya kazi, mama.”

“Sheria. Eeh. Hata mimi nina sheria hiyo hiyo.”

Wakacheka wote pale mferejini. Mlango wa mama mapacha bado ulikuwa wazi.

Nyumbani sikutulia. Kicheko si hoja. Kilichonisumbua ni kwamba sikujua kama ni sheria iliyonizuia ama ni woga. Nikijaribu kukumbuka sahani ilipofika mbele yangu, naona kama niliyafikiria kwanza macho ya yule mume, sheria ikaja baadaye. Ama labda vilikuja pamoja. Sitaki kujihukumu kuzidi ilivyokuwa, wala kujipunguzia.

Jana nikaenda kwa afisa nikamweleza yote, hata hilo la woga. Nilidhani ataniambia basi, niwaachie wengine kazi.

“Sheria inakataza kupewa,” akasema. “Haikatazi kununua. Lakini sikutumi, unanisikia? Nikikutuma yatakuwa maigizo. Ukinunua, nunua kwa sababu nyumbani kwako kunaliwa chapati.”

“Na nikiogopa?”

“Basi usinunue. Uje uniambie hivyo pia.”

Leo jioni nikaenda. Alikuwa amekaa chini ya karatasi ya nailoni iliyofungwa kwenye geti, chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyenunua. Alikuwa anatoa za chini anaziweka juu, ndio zisionekane zimekaa sana. Vijana wawili wakapita.

“Niaje mathe. Chapo ya kulewesha ni ngapi?”

“Ya kulewesha iliisha,” akawajibu, macho kwenye jiko. “Imebaki ya kushibisha.”

Wakacheka, wakapita. Nikasogea.

“Nipe sita za kubeba, na moja ya kula hapa.”

Akanitazama. “Si umeshiba?”

“Hiyo ilikuwa Jumanne.”

Nikalipa, nikala nikiwa nimesimama kwa manyunyu. Sitasema sikuogopa. Kila nikimeza nilikuwa najisikiliza tumboni. Jirani wa mlango wa pili alitoka akasimama getini, mikono kifuani, akanitazama mpaka kipande cha mwisho.

“Kesho nitakuja kwako,” akasema, “nione kama unaona njia.”

“Karibu, mama.”

“Nitakuja.”

Hakununua. Simlaumu. Kama ni baba watoto wangu anashikwa mkono kwenda choo, mimi hata kusimama pale nisingesimama. Lakini mama mmoja wa pale mferejini alinunua moja, akasema ni ya kulisha kuku. Hatukumwuliza ni kuku gani. Nilipoondoka zilikuwa zimebaki nyingi, na mama mapacha hakuniambia asante. Nadhani alifanya vizuri, kwa sababu nilikuwa nimelipa kama mtu mwingine yeyote.

Nyumbani nilimwambia baba watoto nimenunua chapati, kabla sijafungua gazeti zilimofungwa.

“Ni za yule?”

“Ni za yule. Kama hutaki, kuna ugali wa jana, nitakupashia.”

Watoto walikuwa wamekaa tayari, nikawazuia kwa mkono. “Wewe umekula?” akaniuliza.

“Moja. Kitambo kidogo.”

Akanitazama machoni kwa muda, jinsi daktari anavyotazama. Kisha akakata kipande, akachovya kwenye ndengu, akatafuna polepole. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko bila kazi.

“Chumvi imezidi,” akasema.

“Nitamwambia.”

“Mwambie.” Akawasogezea watoto sahani.

Chumvi kweli imezidi, nayo nitaieleza kwa afisa pia. Naandika haya nikisimama kila mstari kuangalia kama herufi zinaonekana, na zinaonekana. Tumekula chapati za mama mapacha kwa ndengu, na chai ya rangi kwa sababu maziwa yalikuwa yameisha.