Pikapu Iliyokwenda Kinyumenyume

Fundi Hakosei alijipa jina hilo mwenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Hakuna aliyemtuma!

Pikapu ilikuwa ya mama mkwe wake, mjane. Aliachiwa na marehemu mumewe, ikavunjika ekseli ya nyuma, ikabaki uani kuku wakitaga ndani yake. Shemeji, kaka wa mkewe Hakosei, alitaka iuzwe chuma chakavu. "Niachieni mimi," Hakosei akatamba mbele ya wote. "Ikinishinda iuzeni, na msiniite fundi tena." Mama mkwe akakubali upesi. Maskini, aliipenda pikapu ile kuliko alivyosema.

Hakosei akaenda yadi ya magari mabovu, kwa mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu, akachagua ekseli nzima, imara. Tatizo, vile vyuma vinavyokalia springi havikulingana na springi za pikapu. Akavikata, akachomelea vingine. Kazi ya kawaida. Ila aliichomelea ekseli vile vile ilivyoshushwa sakafuni, asiulize juu ni wapi na chini ni wapi.

Alipoifunga chini ya gari, akaona nati ya kumwagia oili inatazama juu. Aliiona kwa macho yake! Oili gani humwagwa kwenda juu? Lakini shemeji alikuwa amesimama pale, mikono mfukoni, anatabasamu. Hakosei akajiambia labda gari ilikotoka ekseli hiyo limetengenezwa hivyo. Akakaza boliti.

Siku ya kujaribu, mama mkwe alipanda mbele na gauni lake la kutokea. Hakosei akatia gia namba moja, akaachia klachi. Pikapu ikarudi nyuma. Akatia namba mbili, ikarudi kwa kasi zaidi na kubomoa banda la kuku. Akatia ya kurudi nyuma, lo, ikaenda mbele! Ekseli ilikuwa juu chini, magurudumu yakizunguka kinyume.

"Leo Hakosei kakosa!" Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Uso ulimwaka Hakosei. Angesema kweli pale pale, yangekwisha. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Mzee wa yadi kaniuzia ekseli mbovu," akasema.

Mama mkwe akashuka, akakung'uta gauni. "Kumbe! Basi naenda kumwambia machoni. Marehemu alimwamini sana yule." Akatoka getini.

Hakosei akabaki ameshika usukani. Akilini alimwona mzee wa watu akigombezwa na mjane wa rafiki yake, kwa kosa asilolijua. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akaruka chini, akamkimbilia na ovaroli lake la oili, akamfikia kabla ya kona.

"Mama, si yeye. Ni mimi. Niliifunga vibaya, na niliona, nikanyamaza."

"Nilikuwa natembea polepole, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nikadhani utaniacha nifike."

Hakosei hakuweza kumtazama. "Iuzeni tu, mama. Nilishaahidi."

"Pikapu ni ya nani?"

"Yako."

"Basi rudi ukaigeuze hiyo ekseli. Halafu utanipeleka yadini, umwombe mzee radhi mwenyewe. Na twende tukitazama mbele."