Tulivyoukata Wimbo wa Mmoroko

Bado nina hasira. Watu wazima wenzangu wameniambia kwamba muziki ni muziki tu, nisonge mbele. Sisongi. Wanaosema hivyo hawakuwepo Usa River Jumapili ile, na kama walikuwepo, walikuwa wanapiga makofi.

Mimi napuliza tarumbeta. Nimezaliwa mlimani, upande wa Wameru, kwenye migomba na kahawa, na baba yangu alikuwa mwalimu wa tarumbeta usharikani kwetu. Aliyekulia kwenye vikundi hivyo vya Kilutheri anaijua sheria isiyo na mjadala: mwalimu akiinua tarumbeta lake juu, mnakata. Wote, papo hapo. Nikiwa na miaka kumi nilibaki na sauti wakati wenzangu wameshanyamaza. Kanisa zima likanigeukia, na baba akanisimamisha nje mpaka ibada ikaisha. Sikurudia tena, na kwa miaka mingi nilijisifia nidhamu hiyo.

Bendi yetu hufanya mazoezi kwenye chumba cha kupanga Kaloleni, na tunapiga jazi na pop kwenye hoteli. Wapulizaji tuko watatu, wote watatu tumetoka kwenye matarumbeta ya makanisa ya mlimani. Kiongozi wetu anapiga kibodi na ana ugonjwa wa kutafuta kitu kipya. Ndivyo alivyompata Mmoroko.

Mmoroko alikuwa mtu wa makamo, fundi wa mabomba ya umwagiliaji kwenye shamba moja la maua, akiishi Maji ya Chai. Alikuja na gimbri yake, chombo cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi, sauti yake nzito inaingia mpaka tumboni. Alituambia kwamba nyimbo zake, za gnawa, ni za watu weusi waliovushwa jangwa wakiwa watumwa, na kwamba kwa upande wa mama yeye ni wa damu hiyo. Wimbo tuliouchagua unaanza polepole, halafu unakimbia, unazidi kukimbia, mpaka unafika mwenyewe. Tulihangaika nao wiki sita: gimbri katikati, dramu ya pop chini yake, sisi wapulizaji juu na jazi yetu. Mwanzoni nilikuwa nahesabu nne nne kama niko kanisani. Akacheka, akaniambia niache kuhesabu, nitembee. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Kisha mama yake akafariki huko kwao, na hakuweza kwenda kuzika. Aliporudi mazoezini alituomba jambo moja, mbele yetu sote.

"Jumapili ya onyesho ni arobaini ya mama," alisema. "Wimbo huu ni wake, alikuwa anawaimbia wagonjwa. Ufupisheni, ongezeni mnachotaka. Ila ukishaanza kukimbia, msiukate. Kwetu ukiukata pale umemwacha mtu njiani."

Kiongozi akaweka mkono kifuani. "Kaka, nakuahidi. Utafika mwisho."

Mazoezini Mmoroko alikuwa anakaa chini, kwenye mkeka, na kutuongoza kwa kichwa. Siku ya onyesho kiongozi akamsimamisha, akamfungia gimbri kwa mkanda wa gitaa, eti wageni wamwone vizuri. Hakubisha. Bustani ya hoteli, pale Usa River, ilikuwa imejaa, watu na nyama choma zao na watoto wao. Tukaanza, na wimbo ukashika. Ukaanza kukimbia. Nilimwona analia huku anapiga, bila aibu yoyote, na mimi nilikuwa nimeingia mzima mzima. Hapo, katika kutuita tuongeze mbio, akainua shingo ya gimbri juu.

Tukakata. Wote watatu, safi kabisa, kama tulivyofundishwa. Mpiga dramu kuona tumenyamaza, naye akanyamaza. Gimbri ikabaki peke yake. Mmoroko akanigeukia mimi niliyekuwa karibu naye, vidole bado vinakwenda, ananisubiri. Pumzi nilikuwa nayo. Tarumbeta lilikuwa mdomoni. Sikupuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki na sauti peke yangu. Mtu mzima mimi, katika bustani ya hoteli, namwogopa baba ambaye hakuwepo.

Kiongozi angeweza kuturudisha kwa noti moja tu ya kibodi. Badala yake alinyakua maiki. "Makofi kwa Moroko!" akapaza sauti, na kabla makofi hayajaisha alishaingiza wimbo wa harusi. Mmoroko akaufungua mkanda, akashuka jukwaani na gimbri yake kifuani.

Kesho yake, Kaloleni, kiongozi alitukaribisha na simu mkononi. Mgeni mmoja alikuwa amemtumia video ya onyesho. "Tazameni hapa mlipokata! Watu wamechizika. Tutakata hapohapo kila tukipiga."

"Tulikosea," nikamwambia.

"Basi mlikosea vizuri."

Nikamwita mwongo mbele ya bendi nzima, na mengine ambayo siyaandiki. Akanisikiliza huku anatabasamu. "Sasa wewe dada una hasira za nini? Mwenye wimbo mwenyewe yuko kimya."

Nilichukua tarumbeta langu, nikaenda moja kwa moja Maji ya Chai. Mmoroko alikuwa nje ya chumba chake anaanika ovaroli ya kazi. Nikampa pole, nikamweleza kila kitu: ishara ya mlimani, baba, na ile pumzi niliyobaki nayo.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani mmechoka."

Nikafungua mkoba. "Tupige sasa hivi, hapa hapa. Mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa. "Arobaini ilikuwa jana, dada."

Kisha akanivutia kiti, akaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipomfokea. Nilimfokea mtu aliyefiwa, mpaka majirani wakatoka milangoni. Kwa nini hanitukani? Kwa nini hakumvunjia yule mshenzi kibodi chake? Kwa nini alikubali kusimamishwa na ule mkanda wa kijinga? Niliyasema yote, mengine mara mbili, na mwishoni nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja.

Alikaa mbele yangu, mikono magotini, akanisikiliza bila kunikata, mpaka nilipomaliza mwenyewe.