Jelimo na Ukurasa wa Daraja la Ng'ombe

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nimekosea, tena vibaya. Ilikuwa ishirini na mbili, kwa sababu njuga zilikuwa zinalia kutoka Kamukuywa mpaka Malakisi, na Wabukusu hawapashi vijana tohara mwaka usiogawanyika kwa mbili. Kalenda inaweza kukudanganya ukiwa mzee, lakini njuga hazidanganyi. Shika neno hilo, litatufaa mbele.

Mwaka huo Jelimo alikuwa na duka lake la mbegu na dawa za mifugo pale Kitale, kwenye mtaa wa kuelekea sokoni. Agroveti, ndivyo watu wanavyoliita. Mwanamke mrefu, wa makamo, sauti ya chini. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa, akafiwa, akabaki na duka. Kitu kimoja kilikuwa kinamuudhi. Mkulima akitaka kujisomea habari za viwavi jeshi kwenye simu yake, simu inamjibu kwa Kiingereza, naye anaifunga na kurudi shambani vile alivyokuja. Kwa hiyo alipoonyeshwa kwamba kuna kamusi elezo ya mtandaoni, inaandikwa na watu wa kawaida bila mshahara, na kwamba yeyote anaweza kuongeza na yeyote anaweza kurekebisha, alianza siku hiyo hiyo. Viwavi jeshi kwanza, kisha dumuzi wa mahindi, kisha ndigana, ile homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Aliandika akiwa amesimama, simu kando ya mizani. Mteja akiingia, anaepua sentensi kama sufuria ya maziwa, anahudumia, halafu anairudisha motoni.

Kipchirchir, mnunuzi wa mahindi kutoka Moi's Bridge, hakuacha kumchokoza. Alimuuliza hao wenye kitabu wanamlipa nini.

"Hawanilipi," Jelimo akamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata asante, siku zingine."

"Basi hiyo ni kanisa, na wewe ndiye wa kufagia."

Jelimo alicheka, kwa sababu mtu huyo alikuwa karibu na ukweli. Kilichompendeza kwenye kazi ile ni hicho hicho cha kufagia. Unaacha ukurasa jioni ukiwa na makosa, asubuhi unakuta mtu usiyemjua, wa mahali usipopajua, amenyoosha sentensi, mwingine ameweka picha ya jani lililoliwa. Ni kama kuamka ukakuta jirani amekufagilia uwanja, na hakubisha hata hodi.

Halafu akaandika ukurasa wa Daraja la Ng'ombe, na amani ikaishia hapo.

Daraja lenyewe si kubwa. Ni mawe yaliyopangwa juu ya kijito kinachotenga mashamba ya upande wa Kitale na ya upande wa Bungoma. Ng'ombe wawili wakikutana katikati, lazima mmoja arudi kinyumenyume. Lakini Jelimo alilelewa karibu nalo, na kila walipolivuka, baba yake Kimaiyo alikuwa akigonga jiwe kwa fimbo na kusema, "Haya mawe yananijua." Mzee alifariki bila kuacha picha. Shamba likauzwa, na kaburi lake sasa limezungukwa na mahindi ya mtu mwingine. Kwa hiyo Jelimo alipoandika kwamba daraja lilijengwa mwaka wa 1969 chini ya usimamizi wa Kimaiyo, alikaa akiangalia lile jina mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Hapakuwa na mahali pengine popote ambapo baba yake alikuwa ameandikwa.

Asubuhi moja jina likawa limetoka. Mtu anayejiita Fundi wa Kamukuywa alikuwa amelifuta, mwaka akaufanya 1970, na wajenzi akawafanya watu wa upande wa Bungoma. Jelimo akarudisha yake. Fundi akafuta. Jelimo akarudisha. Ukiona watu wawili wazima wanavutana hivyo wiki nzima, kila mmoja kwenye simu yake, unaweza kufikiri wanagombania ng'ombe mwenyewe. Chini ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine wa majadiliano, na huko ndiko walikojibizana.

"Ndugu, chanzo kiko wapi?" Fundi aliandika. Kwenye kamusi hiyo, neno lisilo na chanzo ni kama ng'ombe asiye na alama: yeyote anaweza kumfukuza.

"Chanzo ni mimi. Alikuwa baba yangu."

"Hata mimi nina baba."

Hilo lilimchoma Jelimo, na siku hiyo hata wateja walipimiwa mbegu bila kuulizwa habari za nyumbani.

Ikabidi Judy aingilie. Judy ni mkabidhi, yaani mmoja wa wale wanaoaminiwa kufunga na kufungua kurasa, naye mchana anapokea pesa kwenye kituo cha mafuta Bungoma mjini. Aliufunga ukurasa, akawaandikia wote wawili kwamba mpaka mwisho wa Agosti waje na habari moja, yenye ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kwenda kuuangalia. La sivyo, ukurasa utafutwa wote. Jelimo aliposoma hapo, alihisi kama anaambiwa aende kumzika mzee mara ya pili.

Baadaye Judy alimpigia simu, na kwenye simu alikuwa mpole. Alimwambia kwamba wamebishana wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyeweka picha.

"Dada, mara ya mwisho ulilivuka lini hilo daraja?"

Jelimo akaanza kuhesabu miaka. Hakuwa amefika kule tangu mazishi.

Wakakubaliana kukutana pale pale darajani, yeye na huyo Fundi. Jelimo alijiandaa kukutana na kijana wa mjini mwenye mdomo mrefu. Aliyemkuta ameketi juu ya jiwe ni mzee wa mvi, Wabwile, fundi wa simu sokoni Kamukuywa, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso. Naye Wabwile alikuwa anatazamia mwanaume. Kwenye kamusi Jelimo anajiita Mbegu Bora, na mzee alishajichorea tajiri wa kitambi mwenye trekta.

"Kumbe ni mama," akasema.

"Na kumbe wewe ni mzee. Ningejua, ningekutukana kwa heshima."

Wabwile alicheka, akamsogezea nafasi kwenye jiwe. Lakini hakuna aliyelegeza kamba. Walikuwa wameanza tena mambo ya mwaka waliposikia njuga zinashuka. Kijana alikuwa anarudi kutoka kwa mjomba wake, amevishwa shingoni nyama ya kidari aliyochinjiwa na mjomba, kama ilivyo desturi kabla ya tohara, kundi zima likimwimbia nyuma. Wawili hao wakasimama pembeni, mgongo kwa majani, mpaka wote wakapita.

Hapo Wabwile akaeleza, bila hasira sasa. Baba yake mdogo alipita hapo na njuga mkononi akienda kwa mjomba, na siku zote alijisifu kwamba katika vijana wa rika lake, yeye ndiye wa kwanza kulikanyaga daraja likiwa jipya. Kwa hiyo sitini na tisa haiwezekani. Mwaka huo hakuna mtoto wa Mbukusu aliyeshika njuga. Jelimo naye alikuwa na lake: ndugu yake Kigen alizaliwa sitini na tisa, na mama yao alikuwa akisema alijifungua wakati mzee yuko huko kwenye mawe.

Ng'ambo ya kijito bibi mmoja alikuwa anaanika maharagwe, na masikio yake bado yalikuwa mazima. Wabwile akamwamkia, akamwita kukhu, kama tunavyosema nyanya au bibi. Kukhu hakusubiri kuulizwa mara mbili. Daraja lilijengwa mara mbili, akasema. La kwanza lilikuwa bado halijamalizika mvua ikalibeba, mawe yakalala kwenye matope, watu wakalaumiana, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Kiangazi kilichofuata wakaona njaa haina ng'ambo. Wakarudi wote, wakayatoa mawe, wakayapanga upya. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa wanapigania ukweli mmoja, kila mtu ameshika mkia wake.

Jelimo akauliza lile lililomleta. "Na Kimaiyo alikuwa msimamizi?"

"Kimaiyo yupi? Yule wa mafahali?" Bibi akaacha maharagwe. "Msimamizi hakukuwa, mama. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Lakini mafahali wake ndio walivuta mawe, na hawakusogea mpaka awaimbie. Nyimbo za upuuzi tu. Alikuwa anamwimba mpaka mama mkwe wake."

Jelimo alicheka mpaka akajipangusa macho na leso. Siku zote alikuwa amembebea baba yake cheo, na kumbe mzee alikuwa na kitu kizuri kuliko cheo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Jelimo alipiga picha za daraja kutoka pande zote mbili, kukhu akikataa kuondolewa kwenye picha moja, ati hapo ni kwake. Wabwile aliandika habari za vijana wa njuga wanaolivuka kila baada ya miaka miwili. Judy naye, akitoka zamu, alikuwa akipitia maktaba, anafunua magazeti ya kale, vumbi mpaka puani. Akapata habari fupi sana ya mwanzo wa 1970: wakazi wa pande mbili, wakitumia ng'ombe wao, wamejenga upya daraja lililobebwa na mvua mwaka uliotangulia. Habari haikutaja mtu hata mmoja.

Siku Judy alipoufungua ukurasa, Wabwile alikuja Kitale dukani na ndizi kwenye mfuko, wakauandika upya wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mbolea. Ilibaki sentensi moja. Wabwile alivua miwani yake.

"Weka jina la mzee," akasema. "Mimi sitalifuta."

Jelimo alilichapa. Kimaiyo. Likakaa pale kwenye kioo.

"Maneno ya bibi hayajachapishwa popote," akasema. "Nikiweka la baba yangu, kesho mtu ataweka la baba yake aliyekuwa amelala nyumbani siku hiyo. Nitamwambia nini?"

Akalifuta yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Akaandika kwamba daraja lilijengwa na wakazi wa pande zote mbili, na mawe yalivutwa na ng'ombe wao. Akabonyeza. Wabwile akamenya ndizi, akampa.

Nimeona watu wakiuza mashamba ili jina lao liandikwe kwenye ukuta wa kanisa. Huyu alikuwa na kalamu mkononi, adui wake wa juzi akimruhusu, na akaliacha jina nje ili wageni waamini yale yaliyobaki. Ukurasa uko mpaka leo, hakuna anayeufuta. Yeye na Wabwile wameandika kurasa zingine pamoja, ule wa tumbaku ya Malakisi na ule wa nyungu za kienyeji, na bado wanabishana, ila sasa ni kwa kupigiana simu.

Juzi nilipita dukani, nikawakuta wote wawili. Wakanisimulia habari hii kama nilivyoisimulia hapa, na nyimbo za mama mkwe ndani yake. Nikawauliza swali moja. Wabwile akamwangalia Jelimo, Jelimo akaangalia mizani, kisha mteja akaingia kutafuta dawa ya kupe, na swali nikaondoka nalo mwenyewe: mimi nikiyaandika haya, na jina la Kimaiyo likiwa humu ndani, halafu yachapishwe, si hicho tayari ni chanzo?