Foleni ya Bi Zuhura

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani: asubuhi Bi Zuhura alipomaliza eda ya mumewe, akawasha simu na kukuta haina kitu.

Nilikuwa mtu mzima wakati ule, ila katika kazi ya kompyuta nilikuwa kijana. Nilitunza mfumo wa oda wa Mzee Nassor, muuza vitenge wa Kariakoo, ambao wauzaji wenzake nao waliutumia. Mteja wa Songea au Tabora akituma oda, ujumbe uliingia kwenye foleni ya muuzaji wake, ukakaa humo mpaka mwenyewe afungue simu auchukue. Kila muuzaji alikuwa na foleni yake.

Foleni zikawa nyingi. Wengine walijaribu mfumo wakaacha, na foleni zao zikabaki zinaielemea mashine. Nikaweka amri: foleni isiyofunguliwa kwa mwezi mzima ijifute yenyewe, pamoja na kilichomo. Mashine ikawa nyepesi, nikajiona fundi. Sikumwambia mtu.

Eda sikuifikiria, nami nimezaliwa Ilala na mama yangu alikaa eda mbele ya macho yangu. Bi Zuhura alifunga fremu yake ya duka, akazima simu, akakaa ndani kwake Magomeni miezi minne na siku kumi. Wateja wake wa mikoani, kwa kumhurumia, waliendelea kumtumia oda ili akitoka akute pa kuanzia. Mashine ikaona foleni haina anayeifungua, ikaifuta. Oda zilizofuata hazikuwa na pa kuingia, zikapotea kimya kimya.

Alikuja dukani kwa Mzee Nassor, akanigeukia mimi. "Baba Rehema, oda zangu ziko wapi?"

"Foleni yako ilikuwa haitumiki, Bi Zuhura. Mfumo umeifuta."

"Haitumiki? Mimi nimefiwa, sijahama mji!"

Mzee Nassor aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Kwa hiyo mwakani nikienda Hija, nikirudi nitakuta nimeshafutwa?"

Vijana wa dukani walicheka. Bi Zuhura hakucheka.

Tuliwapigia simu wateja wake. Wengi, kwa kukosa hata neno kwamba oda zao zimepokelewa, walidhani ameacha biashara, wakawa wameshahamia kwa wengine. Alihangaika nao kwa miezi, mwisho akaiachia ile fremu. Amri niliibadilisha: foleni yenye ujumbe ndani isifutwe, na iliyo tupu mwenyewe aulizwe kwanza. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Sasa nakwambia wewe unayeshika kazi hizi leo. Safisha mashine, maana uchafu nao huiangusha. Lakini kabla hujaiachia ifute yenyewe, tazama ndani mna nini, kisha mtafute mwenye mali. Mashine inajua kwamba mtu hajaja. Haijui kwa nini. Kuuliza hilo ni kazi yako.

Mwenyezi Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, na siku utakayokaa kimya kwa msiba wako, utoke ukute mtu amekutunzia vyako.